Blanketi ya Kubeba Mgongoni

Adero, uko? Mamake Levis anapigia Bungoma nzima simu akisema niko na mimba.

Sina mimba.

Alinipata kwa cherehani nikishona ile blanketi nyepesi ya kulalia tukienda kupanda Mlima Longonot. Akaishikashika. "Na hii laini hivi ni ya nini?" Nikamwambia ni ya kubeba mgongoni.

Nilisema ya kubeba mgongoni. Mimi mwenyewe.

Akauliza ni lini. Nikasema Desemba, Mungu akipenda. Akapiga magoti hapo kwa vitambaa, akaomba akilia. Hakuacha mahali pa kumkatiza.

Levis akaingia kutoka job, nikajua nimeokoka, juu yeye ndiye alinunua hema. Mamake akamkumbatia, akamwambia.

Levis akaniangalia, macho yamejaa machozi. "Na si ungeniambia mimi kwanza?"