Neno Nililoogopa Kumwambia Koko

Jumatatu, 6 Oktoba

Koko, bibi yangu, amerudi nyumbani! Siku tisa hospitalini kwa ajili ya mapafu. Moshi wa makaa, daktari alisema, miaka arobaini ya kupikia makala Bukavu. Amepanda ngazi zetu za Etterbeek akipumzika kila ghorofa, na kila ghorofa akimtukana mzungu aliyejenga nyumba bila lifti.

Saa kumi na nusu akaja muuguzi, Madame Greet. Ana baiskeli na haraka. Mama yuko kazini, donc mkalimani ni nani? Mimi! Shuleni nasoma kwa Kifaransa na Kiholanzi, na katika lugha zote mbili nanyamaza. Lakini kwa Koko eti nina mdomo.

Madame akatoa kamashini kadogo, kama filimbi. Katupu, ka kuonyesha tu. Kila asubuhi kidonge kimoja, na kamashini. Simu yake inalia. Koko avute unga wa kile kidonge, akasema.

Hapo nikakwama. Kuvuta! Koko ni mama wa chorale, kwaya ya kanisa. Kwake wanaovuta ni wale vijana wa bangi pale metro. Masikio yakawaka moto. Nikasema: Koko, kila asubuhi utakunywa kidonge kimoja, kisha unaweka hii mdomoni, unapumua.

Najitetea: si dawa zote tunakunywa? Kwetu dawa inanyweka tu, hata ikiwa kavu.

Umeelewa? — Madame akauliza. Oui, oui, akajibu Koko. Oui, nikajibu mimi. Oui tatu, Madame akapanda baiskeli.

Alhamisi, 9 Oktoba

Koko bado anahema. Toka kitandani mpaka jikoni anasimama mara mbili.

Tonton Josias, mwalimu wa chorale, kapiga simu. Tarehe 19 wanaimba Laeken, na hakuna wa kushika sauti ya Koko. "Nitakuya!" Koko akamwambia. "Dawa minakunywa yote, sikosi hata moja."

Mama naye akanisifu kwa shangazi zangu wote kwenye simu: huyu mutoto anatafsiri kama avocat, wakili kabisa! Nikaenda kuosha vyombo. Vilikuwa safi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hakuna shule, kwa hiyo leo ndiyo mara ya kwanza namwona Koko akitumia dawa yake. Kidonge ulimini, chai ya maziwa, gluk! Kisha kamashini katupu mdomoni — fuu, fuu — macho amefumba kama anaomba.

Nikatafuta karatasi ya dawa. Kifaransa: usimeze. Kiholanzi: usimeze. Nilisoma zote mbili, labda lugha moja ingenihurumia.

Kidonge kinaingia ndani ya kamashini! Kinatobolewa, unga unatoka, unauvuta. Siku tano sasa mapafu ya Koko hayajapata hata chembe. Tumbo ndilo limepata.

Na mimi nilijua neno. Hilo ndilo baya. Si kwamba sikuelewa Kifaransa. Niliona haya.

Nikampigia Madame Greet. Mashine ikajibu: acha ujumbe. Nikapumua ndani ya simu kama mwizi, nikakata.

Jumapili, 12 Oktoba

Mimi: Koko, leo usikunywe kwanza. Tungoje Madame kesho.

Koko: "Tungoje nini? Si weye mwenyewe ulisema kila siku?"

Gluk. Sita.

Mama alikuwa palepale anapiga pasi. Neno moja tu lilitakiwa. Nikauliza kama maziwa yamebaki.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika chooni. Kweli kabisa, chooni, na Madame Greet yuko jikoni!

Leo hana haraka. Kavua koti, kaketi. Na hakuuliza umeelewa. Alisema: mwambie anionyeshe vile anafanya.

Koko akafurahi! Akachomoa kidonge, akapanua mdomo — Madame akamshika mkono. Polepole, lakini akamshika. Kisha akanitazama. Si Koko. Mimi. Akasema vidonge alivyomeza havitakuwa vimemdhuru, ila havijamsaidia. Halafu: Hadassa, ulitumia neno gani?

Koko: "Anasema nini? Minakosea? Si njo vile uliniambia?"

Nikasema, toilettes. Kwa wote wawili.

Najizoeza hapa. Koko, hainywewi. Inavutwa. Nimeiambia karatasi ya choo mara nne, haijashtuka.

Na tena — mimi mjinga! — si Tonton Josias kila mazoezi anapiga kelele, mamaa, vuteni pumzi? Vuteni pumzi! Koko anavuta pumzi kanisani miaka yote, na hakuna aliyefikiria bangi. Neno lilikuwa palepale, safi, limeoga.

Koko anagonga mlango. "Hadassa! Huyu mama anafungua mudomo sawa samaki, anajipiga kifua, anataka nini? Kuya! Mudomo yangu iko na weye!"

Namsikia Madame akicheka. Koko pia anacheka, kisha kikohozi, kirefu, mpaka kicheko kikaisha.

Nimesema kupitia mlangoni: Koko, siku ile kuna neno nilikuficha.



"Neno gani?"