Toka Mkononi Mpaka Mdomoni

Jumatatu, 4 Septemba
Darasa la Kiingereza la watu wazima, saa kumi alasiri, kama kawaida. Wanafunzi tisa. Newala nzima vumbi. Msemo wa leo: "from hand to mouth". Nikaeleza: kuishi toka mkononi mpaka mdomoni, unachopata leo unakila leo, kesho huna. Wakaomba mfano. Nikasema, kama ndugu zetu wakimbizi wa Msumbiji. Mama Felisi, mkimbizi pekee darasani, aliinama akaandika. Sikufikiri zaidi.

Jumatano, 6 Septemba
Wamefika watu thelathini na wawili. Wamevuka Ruvuma wakikimbia vita. Watoto miguu imevimba. Lori la chakula kesho. Nimetafuta nyumbani cha kuwapa. Nimekuta chumvi na majani ya chai tu. Aibu.

Alhamisi, 7 Septemba
Lori halikuja. Limeharibikia Masasi. Kikao cha kijiji kikawa kirefu. Baadhi walitaka wageni waendelee kwa miguu mpaka Masasi. Mimi sikuwatetea. Mtoto mmoja akaanguka tukiwa bado tunabishana.

Mama Felisi aliondoka bila kuaga. Akarudi na majirani zake wawili, kila mmoja na mtungi kichwani. Ndani makopa, mihogo mikavu imejaa mpaka shingoni. Tangu mwaka jana, kila siku kabla ya kupika, ametoa konzi moja katika posho yake akaiweka. Ana watoto wanne.

"Nilijua wengine watakuja," alisema.

Hakuna aliyetaja tena Masasi. Watu walikwenda kuleta kuni.

Ijumaa, 8 Septemba
Nilikwenda kwake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwomba radhi kwa mfano wangu wa Jumatatu. Alikuwa anatwanga, hakuacha.

"Maana uliieleza vizuri, Mwalimu. Mfano ndio uliokosea."

Akauliza Kiingereza kinamwitaje mtu anayewawekea chakula watu asiowajua. Sijui. Nikamwambia hivyo hivyo, sijui. Miaka sita ya kufundisha, sijamheshimu mwanafunzi namna hii.

Jumapili, 10 Septemba
Lori lilifika jana. Wageni wamepewa eneo la kujenga na kulima karibu na shule. Baada ya kanisa nilikata nguzo pamoja nao. Mikono imetoka malengelenge. Mama Felisi alikuwa anapima matuta kwa kamba, akanionyesha langu. Udongo mgumu. Nililima mpaka mwisho wa tuta, nikaketi kivulini na wenzangu.