Aliyekuwa Nyuma

Mdogo wangu,

"Dada, mbio za kompyuta haziui mtu. Gari likivunjika unabonyeza kitufe, linarudi jipya." Hayo uliniandikia kwenye grupu la ligi, mbele ya madereva wote, ukamalizia na emoji ya kucheka. Nimeyatanguliza kabla hata ya salamu kwa sababu nataka uyasome tena ukiwa peke yako, pasipo watu wa kukushangilia.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Mke wako na watoto hawajambo? Na lile jino umeshaling'oa, au wewe unayejiita Radi kwenye ligi bado unaogopa koleo la daktari? Sisi huku tupo. Mama anakula vizuri, ila miguu ndiyo inamkatalia. Kwenye korido anatembea kwa kushika ukuta. Anakuulizia kila siku. Nimemwambia kazi zimekubana. Sikumwambia kwamba mimi na wewe hatusemezani. Watoto wanasoma. Asiye mzima ni shemeji yako, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Tangu mbio za Jumamosi hajagusa usukani. Ule wa mezani ameufungua skrubu, akaufunika shuka na kuusukumia chini ya kitanda pamoja na pedali zake. Wa kweli nao ameukataa. Unajua kwamba kampuni ya mabasi ilikubali kumjaribu tena Jumatatu, baada ya muda wote aliokaa nyumbani tangu ile ajali ya darajani. Jumatatu alivaa shati la kazi, nikamnyooshea kola, akafika mlangoni, akageuka, akaketi sebuleni na viatu vyake miguuni. Msimamizi wa karakana alipopiga simu nikamwambia mume wangu anaumwa. Akanijibu kwa upole kwamba basi haliwezi kumsubiri mtu.

Utasema nakuza mambo. Nimezoea. Hata wanaozijibu makala zangu magazetini ndivyo wanavyofanya: nikionyesha nyumba inaungua, wao wanauliza mbona nimepaza sauti. Basi ngoja niseme polepole.

Shemeji yako hakuingia kwenye ligi yako kutafuta kombe. Daktari ndiye aliyemshauri, alipoona kwamba hawezi hata kukaa kiti cha mbele cha teksi bila kulowa jasho. Alimwambia aanze na usukani wa mezani, ajizoeze tena kuwa karibu na magari ya watu. Naye akajizoeza. Wewe mwenyewe uliniambia hujawahi kuona dereva kama yule. Mtu akimfikia ubavuni kwenye kona, anamwachia upana wa gari zima. Akiteleza akatoka nje, anangoja wote wapite ndipo arudi barabarani. Gari lake likizunguka anakanyaga breki na kutulia palepale, kama mnavyofundishana, ili wanaokuja wajue yuko wapi na wamkwepe. Ndiyo maana mkampa jina la Nafasi. Mlimtania, na sikuona ubaya. Nilimsikia yule dereva wenu mfamasia akimwuliza kama amekumbuka indiketa, na mwenzake fundi simu akitangaza kwamba msafara wa bibi harusi unapita, watu wasogee pembeni. Shemeji yako akacheka pamoja nao. Nilikuwa jikoni. Nilizima jiko nikakaa kwenye ndoo, maana kicheko kile nilikuwa nimeshakisahau.

Tuje Jumamosi. Mbio zilikuwa zinaelekea mwisho, yeye mbele, wewe nyuma yake, mnateremka kwenda kwenye kona kali. Sheria uliiandika wewe: anayetaka kupita kwa ndani awe amefika ubavuni mwa mwenzake kabla kona haijaanza, asipofika, asubiri. Hukufika. Alipoanza kukata kona, pua ya gari lako ilikuwa haijagusa hata kivuli cha gurudumu lake la nyuma. Ukajitumbukiza hivyo hivyo. Ukamgonga, akazunguka, akasimama katikati ya barabara ameshika breki, na waliokuwa nyuma yako wakaja kummaliza mmoja baada ya mwingine. Wewe ukasema kwenye maiki, "Shemeji, barabara si kitanda." Watu wakaangua kicheko.

Mimi ni mwamuzi wa ligi hiyo, lakini kwa kuwa aliyegongwa ni mume wangu nilijitoa, kama mtu mwenye haya anavyotakiwa kufanya. Kesi ikabaki kwa waamuzi wenzangu, mfamasia na fundi simu, ambao bila kompyuta yako inayoendesha ligi nzima hawana mbio, na ambao hawajawahi kukukuta na kosa hata siku ulipowapita watu kwa kukatiza juu ya majani, nje ya barabara. Wakaamua kwamba Nafasi alishika breki mapema mno, kwa hiyo ajali ameisababisha yeye. Apewe onyo na mbio zijazo aanze wa mwisho. Nimeitazama video. Alishika breki kwenye kibao kilekile cheupe cha kando ya barabara alichokitumia kila mzunguko tangu mwanzo. Video hiyo mnayo pia. Nilipowauliza kwenye grupu kama mmeitazama, ndipo ukanijibu kwamba mbio za kompyuta haziui mtu.

Sasa nikuambie usilolijua.

Jumatatu ile, alipokuwa amekaa na viatu vyake, aliniomba niketi karibu. Nilidhani atakulalamikia, nami nilikuwa na matusi yangu tayari. Hakukulalamikia. Alisema ameitazama video akiwa upande wako, kutoka ndani ya gari lako, na kwamba alijua kila ulichokuwa unafikiri. Ulikuwa unafikiri kwamba wa mbele atakuona, ataogopa, atakupisha. Nikamwuliza amejuaje. Akaangalia mikono yake.

Unaikumbuka habari ya ajali ya darajani kama sisi sote tulivyoisimulia: kijana wa pikipiki alikatiza ghafla mbele ya basi. Ndivyo shemeji yako alivyowaeleza polisi. Abiria wengi walikuwa wanasinzia, na kijana mwenyewe hakuwepo wa kuulizwa. Ikaandikwa uzembe wa marehemu.

"Hakukatiza," mume wangu aliniambia. "Alikuwa kwenye njia yake. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Nilitaka kuwahi daraja, nikajua atanipisha."

Akaniambia kwamba alikwenda mazishini, na mama wa kijana akamshika mkono, akamwomba radhi kwa matatizo ambayo mwanawe amemletea. Akaupokea mkono ule. Akapokea na radhi yenyewe. Tangu siku hiyo, alisema, kila gari analoliachia upana kwenye skrini huwa anaiachia pikipiki ile. Kugongwa na wewe hakukumuumiza sana. Kilichomvunja ni uamuzi: kusikia kwamba aliyekuwa mbele, aliyekuwa kwenye njia yake, ndiye mwenye kosa, na watu wakaitikia na kuendelea na ratiba. Alisema alijiona yuko mahali pa yule kijana, na sauti zote zilizokuwa zikimhukumu zilikuwa sauti yake.

Kesho asubuhi tunakwenda kituo cha polisi, mimi na yeye. Tukitoka huko, kama wataturuhusu kutoka wote wawili, tutakwenda kwa mama wa kijana. Sijui atatupokeaje. Sijui hata maneno yenyewe yanaanzaje. Watoto nimewaeleza nusu; mama sijamwambia lolote, nawe usimwambie. Nimempigia pasi lile shati la Jumatatu, na sasa limetundikwa mlangoni. Nimemkasirikia mume wangu kuliko nilivyokukasirikia wewe, na usiku nalala nimemshika mkono. Usiniulize yanakaaje pamoja.

Msalimie mke wako, wabusu watoto. Mama anawasalimu wote na anasema njoo umwone angali anakutambua. Mimi nakusalimu pia, ingawa nimeuma meno.

Sasa wewe, na mfamasia, na fundi simu, kwa kuwa najua utawasomea: sitaki mumhurumie Nafasi, na hatarudi kushindana nanyi. Jumamosi, kabla gari lolote halijaondoka, fungueni ile video mbele ya madereva wote, msikate hata kipande. Semeni kwa sauti kwamba aliyekuwa mbele hakukosa. Nyinyi waamuzi wawili, mwacheni mtu mwingine awe mwamuzi. Na wewe, mdogo wangu, shika maiki ileile uliyoitumia kumcheka, useme ni nani aliyekuwa nyuma. Shemeji yako kesho anakwenda kulichukua kosa lake, na huenda likamfungia mlango kwa miaka. La kwako halina hata kifungo cha saa moja. Lichukue.

Ni mimi,
Dada yako