Makoti Wamepatikana Al Rayyan

Kaka Bakari,

Huko uliko, kama kuna kiti, kaa kwanza, maana habari hii ukiipokea umesimama utaanguka. Makoti wamepatikana. Na aliyewapata si profesa, wala si hizi simu zinazojua mpaka ulichokula jana. Nimewapata mimi, mdogo wako Sudi, hapa Doha, kabati la watu likiwa mgongoni.

Unaikumbuka ile santuri ndogo aliyokuachia bwana wa mkonge alipofunga virago kurudi kwao Uingereza? Ulikuwa mtunza bustani wake, akakupa mashine ya kupigia na santuri moja tu, kama mtu anayekugawia sufuria na punje moja ya mchele. Karatasi ya katikati ilikwisha banduka, jina la bendi hatukulijua. Tulichokuwa nacho ni picha ya jalada: vijana wanne wa Kizungu, makoti marefu mpaka magotini, wameegemea ukuta wa matofali, mmoja kageuza uso kama aliyegombana na mpiga picha. Tukawaita Makoti. Tundu la santuri lilikuwa pana kuliko kijiti cha mashine, ukachukua ndala yangu ya kushoto ukakata kiduara cha kuzibia. Nilitembea na ndala moja mpaka Idd, na wala sikulia, kwa sababu nilijua muziki ule unazungukia juu ya ndala yangu.

Na ulikuwa muziki, kaka. Polepole, gitaa linajivuta kama ng'ombe aliyeshiba, na sauti ya yule mwimbaji inatoka chini kabisa, chini ya sakafu. Mama alisema huyo kijana kafiwa. Mimi shuleni niliwaapia wenzangu kwamba ni jitu, likiingia nyumbani kwake linapita mlangoni kwa magoti. Ukaushika wimbo wote kwa gitaa lako, ukautia maneno ya Kiswahili, ukawa wimbo wa kufungia dansi pale Ngamiani, Tanga. Siku nyingine watu walicheza mpaka wakarudi nyumbani na viatu vya wenzao.

Halafu akaja shemeji Hamisi. Siku ile ile ya kwanza, alipokuja kumposa dada, akakaribishwa kitini akaikalia santuri kabla hajaisikia. Nakumbuka ule mlio, na jinsi ulivyosema, "Usijali, shemeji," uso wako umebadilika rangi. Mchwa wakamalizia jalada. Na Hamisi huyo huyo, ulipomwingiza kwenye bendi yako apige tarumbeta, ndiye akageuka mshitaki. Kila baraza alisema hakuna Wazungu wanaopiga namna ile, Bakari kautunga mwenyewe anawasingizia watu wa Ulaya ili aonekane ana mambo makubwa. Alichokalia yeye, alisema, huenda kilikuwa hotuba ya malkia.

Shahidi wako pale barazani nilikuwa mimi peke yangu, na sifa yangu unaijua. Shahidi ni yule yule aliyesimulia kwamba alimfunga chatu kwa mkanda wa suruali. Nilimfunga kweli, lakini tuyaache. Nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kucheka. Umeondoka duniani wakikuita Bakari Makoti, na walipokuita hivyo walikuwa wanakonyezana.

Sasa sikiliza. Binti yako Zuhura, uliyemwacha akiwa bado anang'oka meno ya utoto, leo anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa, na amechumbiwa na kijana wa Unguja, mpishi, mpole, biriani yake ukiionja unasamehe madhambi ya watu. Ndoa ikapangwa, na sherehe kwenye shamba moja huko Umm Salal ambalo wenzetu hukodi siku za Ijumaa. Akaja kwangu akaniambia kwa sauti ndogo, "Ba'mdogo, baba hayupo wa kunishika mkono. Nataka niingie na wimbo wake." Ule uliokuwa ukimwimbia ukimwogesha. Alikuwa ameiimbia simu kwa mdomo, simu ikamletea tangazo la sabuni.

Mimi mdomo wangu haunisubiri. Mbele ya wakwe wote nikajipiga kifua: wimbo utakuwepo, na usipokuwepo asiniite tena ba'mdogo. Wakatazamana. Siku zikaanza kusogea na mimi sina hata pa kuanzia. Kaka, nilikonda. Mudiri wangu Mhindi, bosi wa kampuni yetu ya kuhamisha mizigo, aliniuliza kama nimefunga.

Ndipo tukatumwa Al Rayyan kumhamisha mwalimu mmoja Mwingereza, mzee, anayestaafu kurudi kwao. Mimi ndiye dereva wa lori, kubeba si kazi yangu, lakini bila mimi kabati lile lingekuwa hapo mpaka leo. Nikiwa nalo mgongoni nikapita kwenye boksi la santuri lililo wazi, na juu kabisa wakanitazama. Makoti marefu. Ukuta wa matofali. Na yule aliyenuna bado amenuna, miaka yote hii.

Nikalitua kabati kama chupa. Nikamwambia mzee kwa Kiingereza changu, ambacho unakijua kinakwenda moja kwa moja kama reli, kwamba hawa ni ndugu zangu. Akacheka. Kisha akaona machozi, akaacha. Jina lao halisi nimelisoma, refu, la kuchosha. Kwetu ni Makoti. Mzee alisema hata kwao Uingereza hakuna anayewakumbuka. Walitoa santuri chache, wakati watu wanawakimbilia wale wenye majina, basi wakaishia hapo. Yeye kila akiwaambia rafiki zake kwamba hawa walikuwa bora kuliko wote, wanamcheka. Nikamshika bega. Nikamwambia nina kaka yuko kwenye hali hiyo hiyo.

Nikampigia Zuhura, akaja na teksi, sare ya hoteli mwilini. Mashine ilikuwa haijafungwa bado, ila kile kiplastiki cha kuzibia tundu kilikwisha ingia kwenye maboksi, hakijulikani kiko wapi. Mzee akakata tamaa. Mimi nikateremka mpaka garini kwangu, nikachukua ndala zangu za kutawadhia, nikaomba kisu. Alinitazama nikikata kiduara kama mtu anayetazama upasuaji. Kikakaa sawasawa.

Akaweka sindano. Na kaka, zikatoka kelele za kuku. Wimbo unakimbia kama umeiba, na lile jitu langu linaimba kwa sauti ya kitoto cha madrasa. Zuhura alisikiliza mpaka nusu akatikisa kichwa.

"Siyo huu, Ba'mdogo."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Wale wabebaji wenzangu, watu wa Nepali na wa Uganda, wakarudi kwenye maboksi taratibu, kama watu wanaotoka msibani. Nami nikasimama pale, kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba huenda Hamisi alisema kweli.

Lakini jicho langu likaenda pembeni ya mashine, kwenye kile kijiti cha kubadilishia mwendo. Na ile ya kwetu ikanijia, kijiti chake cha mwendo kilichovunjika tangu kwa bwana wa mkonge, kisiki kimeganda upande mmoja, hakuna aliyewahi kukigusa. Kaka, sisi hatukuwahi kuwasikia Makoti kwa mwendo wao. Santuri ile ilitengenezwa ikimbie, mashine yetu ilijua kutembea tu.

Nikamwomba mzee asogeze kijiti. Akasema nitauharibu. Nikamwambia auharibu kidogo tu, kwa ajili ya huyu mtoto.

Akasogeza.

Ng'ombe aliyeshiba akaja. Sauti ikashuka, ikashuka, ikafika chini ya sakafu, na jitu langu likaingia sebuleni Al Rayyan kwa magoti. Zuhura akakaa juu ya boksi la sahani bila kuangalia anapokaa. Alikuwa anaimba, kwa maneno yako yale ya Kiswahili, na yalilala juu ya muziki ule kama shuka iliyopimwa kitandani. Mganda mmoja alivua kofia. Mzee wa Kiingereza alisimama mpaka wimbo ukaisha na sindano inakwaruza, ndipo akasema, "Nimewasikiliza hawa tangu kijana. Huu sijawahi kuusikia."

Alikuja Umm Salal mwenyewe, suti na tai, mashine kifuani. Wimbo wote aliweka kidole kwenye kile kijiti kama askari mlangoni, asije mtu akakigusa. Zuhura akaingia. Mkono nilimshika mimi, lakini wewe ndiye uliyemtembeza, kila mtu aliona. Hatua zake zilikuwa za wimbo wako, hazina haraka. Wakwe walisimama. Wapishi walitoka jikoni. Nasema Doha nzima ilisimama, na asiyeamini aje kwangu nimwonyeshe video.

Video hiyo nilimtumia Hamisi, Tanga, pamoja na picha ya jalada, na zile kelele za kuku, wimbo kwa mwendo wake halisi, asije akasema nimeficha kitu. Nikakaa na simu mkononi siku nzima. Nikajua nimeshamshinda. Kisha akaleta ujumbe wa sauti. Hamisi sasa ni mzee, anapumua kwa shida, alianza, akaacha, akaanza tena.

"Sudi, nilisema Wazungu hawapigi hivi, na bado nasema. Hao wanakimbia tu. Anayepiga hivi ni Bakari."

Halafu nikasikia kitu kinafutwa kwa kitambaa, na tarumbeta ikalia. Sehemu yake ile ya mwisho, kaka, ya kufungia dansi. Hakukosa hata mahali pamoja. Alikuwa nayo muda wote.

Nilikuwa nimemwandalia maneno, unanijua. Yote nimeyameza. Nimemwambia arudie tena.

Lala salama, kaka. Huku wanakuita Bakari Makoti, na hakuna anayekonyeza.

Mdogo wako na shahidi wako,
mwenye ndala,
Sudi