Aliyeandika Amesema Nini

14 Januari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, na za mama yako mpe kabla hujaendelea kusoma. Mimi ni mzima wa afya, ila mgongo tu umeanza kunikumbusha umri wangu. Mgongo huo una sababu yake, na sababu hiyo naomba ibaki kati yangu na wewe.

Kazi niliyopewa huku ughaibuni si uuguzi. Wakala aliyenileta ameniweka katika nyumba ya kutunzia wazee, na mimi ni msaidizi. Natandika vitanda, naogesha, nalisha, namwaga bedpani za haja zao. Muuguzi wa zamu ni binti wa rika lako. Ana adabu, lakini toroli ya dawa haniruhusu hata kuisukuma. Mimi, muuguzi kiongozi wa wodi ya majeraha, niliyekufundisha wewe kufunga kidonda ukiwa bado unaogopa harufu. Nikipita na ndoo, ukutani kuna kioo, nami nimejifunza kutazama upande wa pili.

Hawajanionea. Ili nisajiliwe lazima nifaulu mtihani wa Kiingereza cha wauguzi: kusikiliza, kuzungumza, kuandika na kusoma. Maneno nimeyabandika kila mahali, kwenye kabati, kwenye mlango wa choo, kwenye jokofu tunalotumia watu wengi, mpaka mwenzangu mmoja akauliza kama maziwa yake nayo yana mtihani. Ya kitabuni nayaweza. Ya wazee ndiyo yananitoa jasho. Bibi mmoja ana neno lake la kutaka kwenda haja ndogo ambalo halimo katika kitabu chochote. Alilirudia wee, nami nikawa nampelekea maji ya kunywa.

Sasa sikiliza. Wodini kwetu wakikuuliza, sema Baba anafanya uuguzi. Huo si uongo, ni ukweli uliotangulia kidogo. Mwezi wa tatu nafanya mtihani, na mwaka huu ukiisha sijafaulu, mkataba wangu nao umekwisha. Na tuandikiane barua, simu tuziache kwanza. Sauti yangu haijui kuficha.

Ni mimi baba yako.


20 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Sisi huku hatujambo, Mama anakusalimu na anasema usiinue watu wazito peke yako. Sijamwambia kitu, ila unamjua Mama.

Nimefanya kama ulivyoniagiza. Metroni aliniuliza habari zako mbele ya watu wote, nikasema Baba yuko kazini, ni muuguzi kama kawaida. Wakapiga makofi, Baba. Mmoja akasema, kwa lile jina lako la utani, "Si tulisema, Profesa hashindwi na kitu." Nilijifanya naenda kutazama dripu ya mgonjwa ambaye hana dripu.

Anayenitia wasiwasi ni Bandeji. Tangu uondoke, muuguzi huyo aliyekuwa msaidizi wako hana raha. Kila siku ananiuliza jinsi ulivyopata kazi, na juzi aliniambia, "Kama mzee kaingia wodini moja kwa moja, basi huo mtihani ni wa jina tu. Na mimi nasubiri nini?" Ana watoto, Baba, na hiyo kazi ndiyo aliyo nayo. Naomba uniruhusu nimwambie ukweli, yeye peke yake. Hatautoa nje, unamjua.

Na mimi nimejiunga na darasa la jioni la mtihani huohuo, pale ukumbini kwetu. Viatu vyangu vya kazini vimepasuka pembeni, lakini hilo ni dogo.

Mwanao mtiifu.


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba wodini wananikumbuka. Nimekununulia viatu vyeusi, soli laini, vya kusimama zamu nzima bila kulia. Nilimwomba muuguzi wetu avijaribu kwa niaba yako kwa kuwa mguu wenu naona ni mmoja.

Mtihani nimeshaufanya. Kusikiliza kulinisumbua kidogo. Kuzungumza nilikwenda vizuri, niliigiza kumtuliza mama mwenye mtoto aliyeungua, na nikamtuliza kwelikweli mpaka mtahini akatabasamu. Lakini ngoja nikupe ya kusoma. Kifungu kilikuwa cha vidonda vya wagonjwa wanaolala muda mrefu! Nilikaribia kucheka ndani ya chumba cha mtihani. Vidonda, mimi! Sikupoteza muda kukisoma chote. Niliyatazama maswali, nikayajibu yote kama ninavyojua, nikaweka kalamu chini huku wenzangu bado wamekunja nyuso. Msimamizi alinitazama kama mtu aliyeona mzimu.

Kwa hiyo kaa mkao wa kula. Mvumilivu hula mbivu, na hii yangu inaanza kunukia.

Ni mimi baba yako.


6 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Viatu vimefika na vimenikaa, asante sana, Mungu akuzidishie. Mama anataka kujua huyo muuguzi wa mguu kama wangu ni nani. Anatania, nadhani.

Lakini Baba, mimi sikuandika kuhusu viatu. Niliandika kuhusu Bandeji. Tangu barua ile sijapata jibu, na yeye hakungoja. Ameandika barua ya kuacha kazi, mwisho wa mwezi wa sita anaondoka wodini na kuja huko uliko, kupitia kwa wakala wako huyohuyo. Ameniambia nisikwambie, anataka kukushtukiza. Anaamini akifika anavaa sare na kuanza kazi ya uuguzi. Mwandikie wewe mwenyewe, au nipe ruhusa. Neno moja tu linanitosha.

Siku hizi chakula cha mchana nakula peke yangu katika chumba cha shuka. Mezani wanataka habari zako na mimi habari zimeniishia.

Kuna jambo jingine, la karatasi yako ya kusoma. Ulivyoieleza nilishtuka. Nimeanza kuliandika mara nyingi nikalifuta, maana naona aibu mtoto kumfundisha baba. Nitaliandika nikipata maneno.

Mwanao.


2 Juni

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mama yako. Afya ni nzuri, moyo ndio mgonjwa.

Matokeo yametoka. Kusikiliza nimepita, kuzungumza nimepita, kuandika nimepita. Kusoma nimeanguka, na si kwa kujikwaa, ni kwa kulala chali. Nimeanguka kifungu cha vidonda, mwanangu. Nimeona haya hata kuyakunja yale matokeo. Nililazimika kuyapeleka kwa mkuu wa nyumba yetu, akayasoma nikiwa nimesimama, kisha akaniuliza taratibu kama miwani yangu inanitosha. Nikasema hapana, hainitoshi. Afadhali nionekane kipofu.

Lazima karatasi ile ilisahihishwa na mtu asiyewahi kugusa mgonjwa. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nitarudia mwezi wa nane.

Barua yako niliipitia hivihivi, matokeo yakiwa mkononi. Naona Bandeji anaondoka wodini. Bila shaka ndio ule uhamisho aliokuwa akiuomba, wa kurudi kwao. Mpe hongera zangu. Na usimwambie mtu habari za matokeo haya, hata mama yako.

Baba yako.


29 Juni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kama barua hii itakosa adabu mahali.

Hakuna uhamisho. Sikuandika neno uhamisho popote. Bandeji aliondoka Jumatatu, anakuja huko. Nilimsindikiza mpaka kituoni nikambebea mfuko wake mmoja, na njia nzima maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Nikayameza, kwa sababu ulinikataza, na kwa sababu ningemwambiaje sasa kwamba nimemdanganya tangu Januari? Alinikumbatia, akasema, "Nitamsalimia mzee." Nafasi yake wodini imeshapata mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, Baba, wewe ndiye uliyetufundisha hivyo kwa wagonjwa wetu.

Sasa la mtihani, maana nikinyamaza tena nitakuwa nimewaponza wawili. Aliyesahihisha karatasi yako hana kosa. Mwalimu wetu wa jioni anasema wauguzi wakongwe ndio wanaoanguka kusoma kuliko wote. Mwanafunzi asiyejua kitu husoma kifungu kwa kuwa hana pengine pa kulitoa jibu. Mkongwe anaona neno moja analolijua, kidonda, homa, presha, basi anaacha kusoma na kuanza kujibu kutoka kichwani. Swali haliulizi kidonda kinatibiwaje. Linauliza aliyeandika amesema nini. Hata kama aliyeandika amekosea, ndiye anayeulizwa.

Nimekuwekea kifungu kimoja ndani ya bahasha, cha kufanyia mazoezi. Weka kidole chini ya mstari, kama tulivyofanya darasa la kwanza. Kila ukipata jibu, onyesha sentensi lilikotoka. Ukikosa sentensi, jibu hilo ni lako, si la aliyeandika.

Sikupenda kukuandikia haya. Nimeona haya tangu mstari wa kwanza.

Mwanao.


18 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Niliandika Julai, nikaandika Agosti, kimya. Sijui kama umerudia mtihani, sijui kama Bandeji amefika. Kama umekasirika, sema umekasirika, nitajua umesoma. Mama anauliza kila anaponiona na bahasha.

Mwanao.


11 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba ya barua zote ambazo sikuitikia. Mwambie mama yako niko hai na nakula. Mgongo ni uleule.

Nilikasirika, ndiyo. Kile kifungu chako nilikirudisha ndani ya bahasha bila kukifungua, nikasema mtoto niliyemfundisha kunawa mikono leo ananifundisha kusoma. Nikaenda kwenye mtihani wa Agosti na kichwa changu kilekile, nikaanguka tena kwenye kusoma. Safari hii kifungu kilikuwa cha kisukari, na kisukari nakijua.

Wiki iliyofuata mkuu wa nyumba alileta mfanyakazi mpya ghorofani kwetu. Wakala alikuwa amemzungusha kwingine kwanza, sasa kamleta hapa. Mkuu akasema, "Huyu mzee ndiye atakayekuonyesha kazi." Nikageuka, bedpani mikononi. Alikuwa Bandeji, amevaa aproni kama yangu, na shingoni bado ina mikunjo ya kiwandani.

Mwanangu, ningekuwa na pa kuiweka ile bedpani ningejifunika uso. Yeye alinitazama, akaniambia "Shikamoo, Mkuu," vilevile kama wodini, akachukua glovu na kuanza kutandika. Tulitandika mpaka mchana. Ndipo akauliza, "Binti yako alijua?" Nikamwambia alijua, nami ndiye niliyemkataza, na kwamba aliniomba ruhusa tangu Februari. Akasema, "Basi naye sina ugomvi." Akainuka akaenda kukaa meza nyingine. Mpaka leo anakaa meza hiyo. Kazi tunafanya pamoja, vitanda vyetu vimenyooka kuliko vya wote, lakini maneno ananipimia kama dawa ya mtoto. Ana haki. Kwa ajili yangu ameacha kazi na watoto, na sina la kumlipa.

Jana ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilifungua kifungu chako nikaweka kidole chini ya mstari. Nilipomaliza sikuwa na usingizi wala hamu ya kitabu, nikachukua barua zako, nikazisoma kwa kidole kilekile. Barua yako ya mwezi wa tano niliisoma jana kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeona neno Bandeji na neno kuondoka, mengine nikayatunga mwenyewe. Ya Februari ndiyo aibu zaidi. Kati ya yote uliyoniandikia nilichukua viatu, kwa sababu viatu nilijua pa kuvipata.

Basi haya ndiyo majibu yangu. Uliomba ruhusa ya kusema ukweli. Ndiyo. Imechelewa, lakini ndiyo, na si kwa mtu mmoja. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, ya wodi. Nimeandika kwamba mimi huku si muuguzi, ni msaidizi, kwamba nimeanguka mara mbili, na kwamba wewe ulisema ulichoagizwa na baba yako. Nimeandika na juu ya Bandeji, wasije wakamcheka. Wodini usiisome wewe. Mpe metroni aisome, wewe kaa tu kama wengine. Mama yako msomee mwenyewe.

Mtihani wa Desemba ndio wa mwisho kabla ya mkataba kwisha. Nitaufanya, na Bandeji naye amejiandikisha. Nikianguka nitarudi nyumbani, nao watakuwa wanajua anayerudi ni nani. Nitumie vifungu zaidi, vya magonjwa ninayoyajua hasa, maana hayo ndiyo yananiangusha. Fanya nakala mbili. Moja nitaiacha kwenye meza yake bila kusema kitu.

Liko jambo moja ambalo halikuwa swali, ndiyo maana nililipita kila mara. Uliandika kwamba chakula unakula peke yako katika chumba cha shuka. Sentensi nzima, ya wazi, na mimi baba yako sikuiona. Leo nakuuliza mimi. Bado unakula huko? Niandikie. Nitasoma.

Baba yako.