Kibao Chekundu cha Behewa la Mwisho

Baba, shikamoo.

Benchi lako bado liko nje ya uzio, linatazama pale reli zinapogawanyika. Mama kalipigilia ubao mpya. Treni za mizigo zimeongezeka tangu uondoke: makontena asubuhi, matangi ya mafuta mchana. Zile za umeme zinapita kule kwenye reli mpya, kelele hamna. Usingezipenda. Kwako wewe, treni isiyotikisa vikombe kabatini haijapita.

Nina jambo la kukuambia. Nimeliahirisha mpaka arobaini yako imekwisha.

Miaka yote uliyokuwa mshika bendera hapa Gongo la Mboto, hukuipigia simu stesheni ya nyuma kuwa njia iko wazi kabla hujaona kibao chekundu nyuma ya behewa la mwisho. Kisipokuwepo, treni imekatika, mabehewa yamebaki njiani, na treni inayofuata itayavaa. Ulistaafu, ukaendelea kuangalia. Nami nilipoanza kazi ya gazeti, kila nikikuletea habari uliniuliza, "Mwandishi, umeona au umeambiwa?"

Siku ile ya mwisho hukuweza kuinuka kitandani. Treni ndefu ilikuwa inapita. Ukasema, "Niangalizie kibao." Nilikuwa nimeinamia simu, mhariri anasubiri habari yangu. Nikajibu, "Kipo, Baba." Hata kichwa sikuinua. Ukasema, "Haya." Alfajiri ukatutoka.

Miaka ishirini naandika habari, na sijawahi kupeleka nisichokithibitisha. Cha uongo nikaja kukupa wewe.

Juzi nilimwambia Mama. Nilidhani atanyamaza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"We Zuhura! Mtu anasema kipo na magurudumu bado yanalia? Ulipotoka tu kwenda kupiga simu, baba yako akaniambia, 'Mama Zuhura, huyu mwandishi leo hajaona kitu. Hebu kaangalie.' Mie huyo mbio, upawa mkononi, mchuzi unanidondokea miguuni!"

Alikiona kibao. Akarudi akakuambia, ndipo ukafumba macho.

"Akanikataza nisikwambie," alisema. "Eti una kazi, usisumbuliwe."

Baba, ulijua. Ulijua, na bado ukaniambia, "Haya."

Leo alasiri nimekaa na Mama kwenye benchi. Simu nimeiacha ndani. Treni ilitoka upande wa bandari, ikapinda taratibu, behewa kwa behewa. Mama alitaka kuinuka akaepue maharage, nikamshika mkono. Akaguna, akakaa. Tukangoja mpaka mwisho.

Pumzika, Baba. Kila nikija nyumbani nitakuangalizia, na sitasema kipo kabla hakijapita mbele ya macho yangu.

Cha leo kipo. Nimekiona.

Mwanao,
Zuhura