Udongo wa Shimo la Moramu

Endagikot, Mbulu
12 Oktoba 2025

Kaka yangu Bonaventura,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Tabora. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri, ila macho yamezidi kupungua nguvu. Ng'ombe mweusi amezaa dume. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia nifupishe, na hili halifupishiki.

Ulisema Desemba unakuja na fundi kujengea kaburi la baba kwa saruji na vigae. Kabla hujanunua chochote, nisome mpaka mwisho.

Lile shimo la moramu nyuma ya nyumba, walilochimba mwaka 2019 kuchukua kifusi cha barabara, sasa ni kijani. Walipoondoka lilibaki tupu, gumu kama sakafu; mvua ilipita juu bila kuingia. Bwana shamba wetu, Sulle, alikuja na pikipiki yake, akazunguka weee, akasema mwamba ukiachwa peke yake utatoa udongo wa unene wa ukucha wakati wajukuu zetu wameshazeeka. Sulle anapenda kutisha watu, lakini hapo alisema kweli. Akaniagiza nipasue ile sakafu kwa sururu, nipange mawe ya kuzuia maji, kisha nirudishe udongo wa juu ambao katapila lilikuwa limeusukuma pembeni ukawa lundo. Akasisitiza nisichelewe, maana udongo ukirundikwa muda mrefu unakufa.

Nilichelewa miaka miwili. Halafu nikaurudisha kwa toroli na karai, msimu mzima, nikichanganya na samadi. Mwaka wa kwanza yaliota magugu tu. Wa pili nikapanda maharage ya ngwara, majani yake yakaanguka yakaoza. Mwaka huu nimechimba kwa kidole nikakuta minyoo. Sulle alifurahi mpaka akaipiga picha. Mimi sikuhisi kitu. Nimekuwa kama mkono uliolaliwa. Nauona ni wangu, ila ganzi tupu.

Sasa sikiliza, kaka. Wiki moja kabla ya katapila kufika, jirani yetu Margwe alilalamika kuwa masale yaliyopandwa mpakani yamekauka, hajui shamba lake linaishia wapi. Wewe unajua, huku kwetu masale yakishasimama ugomvi umekwisha. Nilitaka maneno yaishe haraka. Nikang'oa yale tuliyopanda kuzunguka kaburi la baba, nikayahamishia mpakani, nikijiambia nitapanda mengine mvua ikianza. Dereva alipofika nilimwonyesha kwa mkono kwamba asivuke masale, nikisahau kuwa ya kaburini nimeyang'oa, nikaenda zangu kuchota maji. Alikuwa mtu mwaminifu. Alisimama palepale kwenye masale, na kaburi alikuwa ameshalipita.

Unakumbuka siku ya maziko vijana walichimba mpaka kiunoni wakagonga mwamba, tukamlaza baba hapohapo. Katapila lilikwangua udongo wote mpaka kwenye mwamba, likausukuma pembeni. Baba alikuwa kwenye lile lundo. Ile miaka miwili sikuwa mvivu. Nilikuwa nalipekua, karai kwa karai, nikimtafuta. Nilipata vipande vya ubao na kifungo kimoja cha koti. Zaidi ya hapo sikuweza kutofautisha. Ndipo nikausambaza wote.

Kosa ni langu, si la dereva wala la Margwe. Margwe anajua, ila hajawahi kufungua mdomo. Mama nilimwambia kaburi lipo salama. Kila Jumapili tukitoka kanisani namshika mkono hadi kwenye masale ya mpakani, anapiga magoti, anamwombea baba, nami naitikia amina. Sijalia hata siku moja. Aibu tu ndiyo ninayoihisi bado.

Kama mama aambiwe au asiambiwe, utaamua wewe uliye mkubwa. Mimi nimeshindwa.

Mama anawasalimu sana. Msalimie wifi, na Judica umwambie shangazi yake anamkumbuka. Fundi usije naye. Ukifika, nitakupeleka shimoni mwenyewe. Uvue viatu, kaka, maana sijui alipo.

Mdogo wako,
Fransiska